Upande wa Kushoto wa Cherehani

Kiwandani hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Mashine zilikuwa na kelele, na majina ya watu ni marefu, kwa hiyo kila mtu aliitwa kwa kipande cha shati alichokishona. Kulikuwa na Mkono, kulikuwa na Pindo, kulikuwa na Vifungo. Mimi nilikuwa Mfuko. Nilibandika mfuko kifuani, nikaunga mabega, nikalirusha shati upande wa kushoto bila kutazama, na jingine lilikuwa limekwisha kufika kutoka kulia. Aliyeketi kushoto kwangu alikuwa Kola. Alilidaka, akalitia kola, naye akalirusha kwake kushoto. Tulifanya hivyo zaidi ya miaka kumi, na sikumbuki shati hata moja lililoanguka chini.

Kola alikuwa mwanamke wa Kitui, mfupi, mkavu wa maneno, aliyenizidi umri kwa miaka mingi. Huku Kibera, mtaa wa Mashimoni, nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Asubuhi aligonga mabati kwa kijiko, nami nikajua amekwisha kunywa chai. Tulitoka pamoja tukafuata reli hadi Indasitrial Eria. Mimi ni mtu wa Magharibi mwa Kenya na mdomo wangu haujui kupumzika, basi njia nzima niliongea na yeye alitembea. Nikimuuliza mbona hajibu, alisema, "Si umeshajijibu mwenyewe."

Siku moja meneja alitukusanya karibu na lango la mizigo, akatusomea kwamba kazi yote ya kushona inahamishiwa nje ya nchi. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionikera. Nilikasirika, sitajifanya mtakatifu. Wiki iliyofuata mafundi walizifungua mashine bolti moja moja wakazitia kwenye masanduku ya mbao. Cherehani yangu niliyoijua hadi kikohozi chake ilivuka bahari, na mimi hadi leo sijafika Mombasa. Kola alichukua mto aliokuwa ameushona kwa mabaki ya vitambaa akaukalia miaka yote hiyo. Askari wa langoni alimtazama, akamwacha apite nao.

Miezi iliyofuata kila mtu alihangaika kivyake. Mimi nilifua nguo za watu huko Kilimani. Kola alichemsha mahindi akayauza karibu na kioski cha maji. Jioni tuliketi mlangoni pangu, na hata mimi niliishiwa na maneno.

Kisha chifu akatuita. Tulimkuta na afisa kutoka wizarani, msichana mwenye viatu vya chini na sauti ya mwalimu wa nasari. Alituambia serikali imeanzisha mpango wa kuwasaidia wafanyakazi ambao kazi zao zimepelekwa nje. Tutafundishwa ushonaji katika chuo kimoja cha ufundi kule Kawangware, chakula cha mchana kitakuwepo, na mwishoni tutafanya mtihani. Atakayepita atapewa cheti na cherehani yake mwenyewe aende akajitegemee.

Niliinua mkono. Nilimuuliza kama anajua tumeshona kwa miaka mingapi, na kama ni haki watu wazima kama sisi kufundishwa kushona. Wenzangu walinguruma kunipa nguvu.

"Mama, sijakataa," akasema yule afisa. "Nikikupatia kitambaa saa hii, unaweza kunitolea shati?"

Nilifungua mdomo. Nilijua mfuko, nilijua mabega. Shati lilikuwa linaanzia wapi kabla halijanifikia? Na liliishia vipi baada ya kuniacha? Niliufunga mdomo, nikaketi. Kola, ambaye hakuwahi kuniona nikikosa jibu, alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la leso.

Basi tukaanza kwenda Kawangware. Asubuhi za kwanza miguu ilitaka kwenda kwenye reli kama ilivyozoea, ikabidi tuigeuze. Tulipanda hadi Makina wakati watu wanatoka msikitini, tukanunua mahamri kwa akina mama waliotufahamu, tukavuka Ngong Road, tukaenda hadi kituo kinachoitwa Kona na kuendelea. Tulifika tumechoka lakini tumechangamka. Tulikuwa kama watu kumi na wawili kutoka kiwanda kile kimoja. Siku ya kwanza mwalimu alituambia tukae popote, nasi tukakaa kama tulivyokaa kiwandani, Mkono kwake, Pindo kwake, Vifungo nyuma kabisa. Kushoto kwangu akaketi Kola na mto wake. Hakuna aliyetupanga.

Mafunzo yenyewe sitayasema vibaya. Mwalimu alikuwa mvumilivu na maharagwe yaliiva. Tulichokosa ni mazoea. Cherehani za pale ni za kukanyaga kwa miguu, na sisi tulizoea za umeme. Mikono ya shati ilinishinda. Niliunga mmoja ukaelekea mbele na mwingine ukaelekea nyuma, na kijana mmoja wa darasa la useremala aliyekuwa akipita dirishani akaniambia, "Mathe, hiyo ni ya mtu anakuja ama anaenda?" Darasa zima lilicheka nami nikacheka kwa shingo upande. Kola naye aliogopa mkasi. Kiwandani nguo zilikuja zimekatwa, na yeye hakuwahi kukata kitambaa kizima maishani mwake. Aliusogeza mkasi kwenye kitambaa polepole kama anayemnyoa mtoto aliyelala.

Jioni tulifundishana. Mimi nilimfundisha mfuko na mabega, yeye akanifundisha kola. Tulikata karatasi za khaki kwanza, kisha magunia ya unga. "Usivute," alikuwa akiniambia. "Kola haivutwi. Pindua ncha na ukucha, polepole." Zangu zilitoka nene upande mmoja. Alizitazama, akanirudishia bila kusema kitu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Lakini yeye alipokamilisha shati lake la kwanza peke yake, kutoka kukata hadi kifungo cha mwisho, alilivaa juu ya nguo zake akatembea nalo hadi kioski cha maji na kurudi. Alikuwa ameweza, na nililiona kwa macho yangu.

Hapo ndipo tulipopanga. Soweto East, humu humu Kibera, chini ya fleti za serikali, kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza nguo za watoto, na kibanda chake kilikuwa na nafasi upande wa barabara. Alikubali tuweke cherehani mbili pale, bega kwa bega, tushone mashati ya shule. Tulikwenda kuipima nafasi ile kwa hatua. Kola alisema lazima yeye awe kushoto. Nikamwambia, kwani nani amekataa? Kola alikuwa mjane, watoto wake wakubwa walikuwa kwao Kitui, na walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba asipopata kazi ya maana arudi nyumbani. Cherehani ndiyo ingembakisha Nairobi. Mimi nilitaka abaki kuliko nilivyoitaka hata ile yangu.

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka nje ya chuo, mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijivu. Alitugawia vitambaa vyeupe, akasema kila mtu ashone shati moja la mtoto, mwanzo hadi mwisho, peke yake. Tukaitikia ndiyo. Tulikata vizuri, hata Kola alikata. Tulianza kushona, na chumba kikajaa ile sauti tuliyoikosa kwa miezi mingi, sauti ya mashine nyingi pamoja. Simu ya mtahini ikalia, akatoka nje kuongea.

Niliapa mara nyingi baadaye, na naapa tena, kwamba hatukupanga. Nilibandika mfuko. Niliunga mabega. Mkono wangu ukalirusha shati kushoto. Haukuniomba ruhusa. Kola akalidaka bila kuinua kichwa. Nilipogeukia kulia, vipande vya mwenzangu wa pale vilikuwa vimekwisha kufika mbele yangu, na mimi nikavichukua, nikabandika mfuko. Miguu yote ilikuwa ikikanyaga pamoja. Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu kiwanda kifungwe, raha ya kujua kwamba kilicho mkononi mwangu nakijua na kisichokuwa mkononi mwangu kina mwenyewe. Mtahini aliporudi, mashati yote yalikuwa yamekunjwa kwenye meza ya nyuma, mbele ya Vifungo, na muda ulikuwa haujafika hata nusu.

Alisimama mlangoni. Alienda kwenye ile meza, akainua shati la juu, akalitazama ndani na nje. Akainua la pili. Yalifanana kama mayai.

"Hii shati ni ya nani?" akauliza.

Tulitazamana. Kwa kweli hatukujua.

"Nauliza, ni ya nani?"

"Ya kampuni," akajibu Vifungo kutoka nyuma, kwa mazoea.

Mwalimu wetu aliinama akajifanya anatafuta kitu sakafuni, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mtahini hakucheka. Wala hakupiga kelele, nitamsifu kwa hilo. Alikaa juu ya ukingo wa meza, shati likiwa mapajani, akasema, "Mashati ni mazuri. Lakini mimi nimetumwa kutafuta fundi mmoja mmoja. Hapa nimepata kiwanda, na kiwanda sina ruhusa ya kukipa cherehani."

Hakuna aliyepita siku hiyo. Mwalimu alituombea sana, na mtahini akakubali kurudi baada ya wiki mbili. Alisema safari hiyo kila mtu atakabili ukuta.

Wiki hizo mbili Kola alishona mashati matatu peke yake kwenye cherehani ya jirani, na yote yalikuwa mashati kamili. Nilimwambia atapita kunishinda. Alisema, "Wewe kimbizana na mikono yako." Alikuwa na furaha. Nayataja haya ili mtu asije akadhani hakujua kazi.

Siku ya mtihani wa pili tulikuta meza zimesukumwa zimetazama kuta nne, mbali mbali, na katikati ya chumba patupu. Nilipewa meza karibu na dirisha. Kola alikuwa ukuta wa nyuma yangu, na kulia kwake kulikuwa na kabati la chuo. Nilishona nikiwa nimeuma meno. Mfuko ulitoka bila shida. Mikono niliigeuza na kuigeuza tena kabla ya kuipitisha kwenye sindano. Kola yangu ilikuwa nene kidogo upande mmoja, lakini ilikaa.

Niliinuka mara moja tu kwenda kupiga pasi, na ndipo nilipomwona. Vipande vya shati lake vilikuwa pembeni, vimekatwa vizuri, havijaungwa. Mbele yake kulikuwa na kola peke yake, imekwisha, imepinduliwa, ncha zake mbili zimelingana. Alikuwa ameishika kwa vidole vyote viwili vya gumba, na alikuwa ametazama kulia, kwenye lile kabati. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliye kazini ambaye mwenzake amechelewa kidogo. Alikuwa akinisubiri nirushe.

Nilitaka kukohoa, nilitaka kuangusha pasi. Mtahini alikuwa amesimama kati yetu na alikuwa akinitazama mimi. Nilirudi mezani. Hadi leo najiuliza kama kikohozi kimoja kingetosha.

Kola aliposhtuka, muda ulikuwa umekwenda. Aliunga mabega haraka, akatia mkono mmoja, na kengele ikagongwa. Wakati matokeo yanasomwa, jina langu lilikuwemo, na ilinichukua muda kutambua kwamba anayeitwa ni mimi. Jina la Kola halikuwemo. Mtahini alimwendea mwenyewe. Aliomba abaki na ile kola ili awaonyeshe wanafunzi wa vyuo vingine jinsi kola inavyopaswa kuwa. Kola akampa.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Tulivuka Ngong Road. Tulipofika Makina ndipo aliposema, "Nilijua cha kufanya. Nilijua kabisa. Nikakaa tu."

Kesho yake nilimwendea yule afisa wa wizara. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, maneno nimeyapanga njia nzima. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema mpango umefikia kikomo, mtihani wa tatu haupo, na msaada ni wa mtu mmoja mmoja kwa aliyepita. Alisema anaumia pia, na nilipomtazama niliamini. Kwa hiyo sikumtukana, nikaondoka na maneno yangu.

Nilimwambia Kola tutumie ile moja yangu, kwa zamu. Alikataa. Mashine moja haingelisha nyumba mbili, alijua, nami nilijua. "Halafu nitakaa hapo kama nani?" akaniuliza. "Mgeni wako?" Mwisho wa mwezi nilimsaidia kufunga virago. Sufuria, godoro, ule mto. Nilimsindikiza hadi kwenye basi la Kitui, nikaongea upuuzi mwingi kwa sababu nilijua nikinyamaza nitalia. Alipopanda alisema, "Usivute kola," akaenda kuketi.

Ndani ya chumba chake alihamia kijana mmoja mwenye redio kubwa. Ni kijana mzuri, hunisalimia, "Sasa, mathe." Lakini asubuhi hagongi mabati.

Cherehani nilipewa kwa sherehe, na viongozi, na picha. Niliipeleka Soweto East kwa mkokoteni. Nafasi ya pili niliiacha wazi, na mama wa nguo za watoto, Mungu ambariki, hakunisukuma. Nilianza na shati la mtoto wa darasa la kwanza. Nilikata, nikabandika mfuko, nikaunga mabega, na mkono wangu ukalirusha kushoto. Lilianguka kwenye saruji, kwenye vumbi la viatu vya watu. Nililiokota, nikalikung'uta. La pili nalo likaenda. Nilijikemea kwa sauti hadi wateja wakageuka. Siku zilipita, mkono haukusikia. Mwishowe nilinunua karai jipya, nikatandika kitambaa safi ndani, nikaliweka pale kushoto. Sasa shati linaangukia kwenye karai, mimi ninainama, ninalichukua, ninalitia kola mwenyewe. Biashara si mbaya. Shule zikikaribia kufunguliwa sipati hata nafasi ya kula. Sitasema msaada haukunisaidia, kwa sababu ninaula kila siku.

Mwaka huu Kola alikuja Nairobi kumtazama ndugu yake aliyelazwa hospitalini. Sikujua. Nilikuwa nimeinamia kazi, redio ya jirani inapiga kelele, nikasikia karai likisogezwa. Nilidhani ni mteja anatafuta pa kusimama. Niliunga bega la pili, nikarusha.

Shati halikufika chini, wala sikusikia mlio wa karai. Niligeuka. Alikuwa ameketi juu ya kigoda cha mama wa nguo za watoto, amekonda kidogo, na shati lilikuwa mikononi mwake. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiyatazama mashati yaliyotundikwa ukutani, moja baada ya jingine, shingoni.

"Hizi kola nani amefanya?" akauliza.

"Si mimi."

"Naona." Akasimama. "Haya, nipishe hapo."

Nilimpisha. Aliketi kwenye kiti changu, akasogeza mguu kwenye kanyagio, akaanza. Mimi nilikaa kwenye kigoda na kuongea, nikamwambia habari za Mashimoni zote, za kijana wa redio, za bei ya vitambaa, za Vifungo aliyefungua duka lake Kawangware. Hakujibu hata moja. Alipomaliza alipindua ncha kwa ukucha, akalikunja lile shati, akaliweka juu ya mengine. Tukanywa chai, kisha akaenda kupanda basi, kwa sababu mgonjwa wake alikuwa ameruhusiwa na walikuwa wakirudi pamoja.

Siku iliyofuata alikuja mama mmoja na mtoto wake wa darasa la nne kutafuta shati. La saizi ya mtoto lilikuwepo moja tu, lile lililotiwa kola na Kola. Alikagua mishono, akavuta vifungo, akaangalia mfuko, akasema ni sawa tu na mengine. Mtoto alilivaa hapo hapo. Nilisimama nikaiangalia shingo yake akienda, kola imekaa sawa pande zote mbili, hadi alipokata kona ya fleti na sikumwona tena.